Staa akiondoka, shoo inabaki na nini? Kuhusu kasti mpya Broadway na West End

Kila ikitangazwa kasti mpya, yaani kundi jipya la waigizaji, ya shoo kubwa Broadway kule New York au West End kule London, mashabiki wanagawanyika hapo hapo, kundi moja linalia kwamba tamthilia za muziki zimekwisha, siku hizi wanatafuta tu mtu wa tivii mwenye wafuasi wengi wanambandika kwenye bango, kundi lingine linajibu kwamba bila huyo mtu wa tivii ukumbi ungekuwa nusu mtupu na shoo ingeshafungwa. Mi ni mwalimu wa sauti, naandaa waimbaji wanaoenda odisheni za shoo za namna hii, kwahiyo huu ugomvi naupata kutoka kwa mashabiki na pia kutoka kwa wanafunzi wangu ambao ndo wanaozigombea hizo nafasi. Na kwa ninavyoona mimi, makundi yote mawili yanamkodolea macho anayeingia, wakati cha kuangalia ni shoo yenyewe: ilijengwa vipi mpaka ikamhitaji, na akitoka itasimama na nini.

Tuanze na hela, maana bila hela huu mjadala wote hauna miguu.

Msimu wa 2024-25 Broadway ilikusanya takriban dola bilioni 1.89 za tiketi, nyingi kuliko msimu wowote uliowahi kuwepo. Msimu huo huo zilifunguliwa tamthilia za muziki za kibiashara 18, na mpaka Septemba 2025 hakuna hata moja iliyokuwa imerudisha mtaji. Mtu akisikia hivo anadhani kuna aliyeiba. Hapana. Sehemu kubwa ya zile hela ililetwa na shoo za zamani ambazo zilishamaliza kulipa wawekezaji wao miaka mingi nyuma, Wicked, The Lion King, Hamilton, na sehemu nyingine na michezo isiyo ya muziki yenye mastaa wa sinema. George Clooney na Good Night, and Good Luck alikuwa anavuka dola milioni 4 kwa wiki moja, Othello ya Denzel Washington na Jake Gyllenhaal kuna viti viliuzwa dola 921. Mchezo kama ule hauna okestra wala madansa ishirini, unachezwa miezi mitatu minne, watu wanagawana faida wanaondoka zao. Tamthilia ya muziki haina njia hiyo ya mkato.

Hesabu yake iko hivi. Kuna mtaji wa kuanzia, yaani hela inayotumika kabla hujauza tiketi hata moja: jukwaa, mavazi, mawigi, taa, mazoezi ya wiki kadhaa, matangazo. Wicked mwaka 2003 ilianza na dola milioni 14 na watu wakashangaa, Hamilton mwaka 2015 milioni 12.5. Sasa Tammy Faye, Boop! na Smash kila moja ilimeza angalau milioni 20, na zote tatu zilifungwa hazijafikisha miezi minne tangu zifunguliwe. Alafu kuna gharama ya kila wiki, mishahara ya waigizaji na wanamuziki na mafundi wa jukwaani na wanaowavisha, pango la ukumbi, fungu la mwenye ukumbi, haki za watunzi, matangazo tena. The Phantom of the Opera karibu na mwisho wake ilikuwa inakula kama dola 950,000 kwa wiki. Sasa chukua mfano wa shoo ya milioni 20 inayouza milioni 1.1 kwa wiki huku matumizi yake ni 950,000. Ukipita nje unaona foleni, unasema hawa wametajirika, kumbe kilichobaki ni 150,000, na kwa mwendo huo ili mtaji urudi wanahitaji wiki 133, zaidi ya miaka miwili na nusu, bila wiki hata moja mbaya, bila Januari yenye theluji, bila mtu kuumwa. Prodyuza aliyekaa na hiyo karatasi mbele yake usiku ndo huyo asubuhi anampigia simu wakala wa staa.

Na hapa lazima niitetee shoo ambayo wengi wanaidharau. Chicago. Hii iliyopo sasa ilirudi Broadway tarehe 14 Novemba 1996 ikitokea kwenye onyesho fupi la ukumbi wa City Center huko New York, na ilibeba ufupi ule ule: bendi imekaa jukwaani, nguo ni nyeusi, hakuna majumba yanayozunguka wala taa kubwa inayodondoka kutoka darini. Haigharimu sana kuiendesha. Alafu sehemu ya Roxie, mhusika mkuu wa kike, imeandikwa kwa namna ambayo mwigizaji mwenye mvuto na masikio mazuri ya mdundo anaweza kuibeba hata kama sauti yake siyo ya kutikisa paa, unaweza ukamshushia ufunguo wa wimbo, kwaya ya madansa nyuma yake inamshikilia, na Velma, mhusika mwenzake, pembeni ni mtu wa kazi kweli kweli. Usher alicheza wakili Billy Flynn mwaka 2006, Pamela Anderson akawa Roxie mwaka 2022, wanakuja wiki kadhaa, ukumbi unajaa, wanaondoka, Jumanne inayofuata shoo inaendelea kama kawaida. Mashabiki wanaiita shoo ya kuokoteza mastaa. Mi naiona ni shoo iliyojipanga tangu siku ya kwanza kwamba watu watakuja na kuondoka, ikaacha mlango wa ukubwa unaofaa. Hiyo ni akili ya ujenzi.

Shida inakuja prodyuza anapochukua dawa ya Chicago anampa mgonjwa mwingine kabisa. Funny Girl ilipotoka na Barbra Streisand mwaka 1964 ilikaa miaka 58 bila kurudishwa Broadway, na sababu inajulikana, sehemu ya Fanny Brice inataka mtu anayeweza kuchekesha, kulia na kupiga sauti ya juu ya kifua karibu shoo nzima, mara nane kwa wiki. Hakuna kwaya ya kumficha. Mwaka 2022 wakamweka Beanie Feldstein, mchekeshaji mzuri sana, mtu anayependwa, lakini nyimbo zile zinahitaji aina ya sauti ambayo hailetwi na mapenzi ya watu. Akatoka tarehe 31 Julai. Septemba 6 akaingia Lea Michele na mauzo yakapanda mpaka juu ya dola milioni 2 kwa wiki za sikukuu. Watu walikumbuka drama za nje ya jukwaa, mi ninachokumbuka ni mwezi wa Agosti pale katikati, maana mwezi mzima Fanny alikuwa Julie Benko, aliyekuwa mwigizaji wa akiba. Aliibeba ile shoo barabara, na hata Michele alipoingia Benko aliendelea kupewa Alhamisi zake. Mashabiki walikuwa wananunua Alhamisi makusudi.

Sasa hawa watu wa akiba tuwaongelee vizuri kwasababu ndo uti wa mgongo na wengi hawajui kazi zao zinatofautianaje. Kuna yule ambaye yuko kwenye kundi la waimbaji kila siku lakini amejifunza pia sehemu ya mhusika mkuu, mkuu akiumwa anapanda yeye na nafasi yake ya kawaida inazibwa na mwingine. Kuna yule ambaye hapandi jukwaani kabisa, kazi yake ni kuwa tayari tu, Wicked inaye mmoja wa Elphaba, yule mchawi wa kijani, kila shoo, yuko chumbani nyuma akisubiri, na imewahi kutokea akaingizwa katikati ya shoo, rangi ya kijani inapakwa haraka haraka. Kuna ambaye amepewa siku zake rasmi, kama Christine wa Phantom ambaye mkuu alikuwa anaimba mara sita kwa wiki na mwenzake mara mbili, na Evita imekuwa hivo Broadway tangu Patti LuPone alipomcheza Eva mwaka 1979. Mpangilio huo ni ukweli wa koo la binadamu, kuna nyimbo ambazo mtu mmoja hawezi kuziimba mara nane kila wiki kwa mwaka mzima bila kujiumiza, na mwanafunzi akiniambia yeye ataweza, namrudisha kwenye mazoezi ya pumzi. Alafu kuna wale wanaozijua nafasi saba, nane, hata kumi za kundi zima, kila mmoja anaanza wapi, anapita kushoto au kulia, anapokea kofia kutoka kwa nani. Ukitaka kocha mwenye timu ya kudumu, angalia benchi lake la akiba. Desemba 2021 kwenye The Music Man, Kathy Voytko alipanda kucheza Marian, mhusika mkuu wa kike, sambamba na Hugh Jackman akiwa ameambiwa siku hiyo hiyo, na Jackman mwishoni akasimama mbele ya ukumbi kuwashukuru watu wa akiba wote wa Broadway, kipindi kile korona ilikuwa inafunga shoo moja baada ya nyingine na hao ndo waliozishikilia zilizobaki.

Kitu kingine mashabiki hawaambiwi ni jinsi kasti mpya inavyoingizwa. Kasti ya kwanza inapata wiki nyingi za mazoezi na mwongozaji mwenyewe, wimbo haukukai unahamishwa ufunguo, mstari haukufai unaandikwa upya, shoo inashonwa mwilini mwako. Anayekuja baadaye anapewa nguo iliyokwisha kushonwa. Anafanya mazoezi na meneja wa jukwaa, kapteni wa dansa na mpiga piano kwenye chumba kitupu, mkanda umebandikwa sakafuni kuonyesha ngazi iko wapi, mara nyingi anapata mazoezi kamili na wenzake wote mara moja tu, na usiku au kesho yake anacheza mbele ya watu waliolipa dola mia na kitu. Kwahiyo ukienda kumsikiliza mtu kwenye wiki yake ya kwanza alafu ukatoka na hukumu, umemsikiliza mtu ambaye bado anahesabu hatua. Mpe mwezi. Sauti ikishajua pumzi inachukuliwa wapi ndo inaanza kuigiza.

Sasa twende kwenye lile lililowaka moto zaidi, Maybe Happy Ending. Ni hadithi ya maroboti wawili wasaidizi huko Seoul waliopitwa na wakati, Oliver na Claire. Ilianza Seoul kwa Kikorea mwaka 2016, ikafunguliwa Broadway Novemba 2024 ukumbi wa Belasco ikiwa na waigizaji wanne tu. Mwanzoni tiketi zilikuwa haziendi, watu wakasema hii haifiki Krismasi, ikafika, maneno ya mdomo yakaibeba, Juni 2025 ikachukua tuzo 6 za Tony, tuzo kubwa za Broadway, pamoja na ya tamthilia bora ya muziki na Darren Criss, ambaye mama yake ni Mfilipino, akachukua ya mwigizaji bora. Alafu ikatangazwa kwamba Criss akipumzika, kuanzia Septemba 2 kwa wiki 9 Oliver atakuwa Andrew Barth Feldman, kijana mzungu. Waigizaji wenye asili ya Asia Marekani wakaumia wazi wazi. Watunzi, Will Aronson na Hue Park, wakajitokeza kujieleza lakini maumivu hayakupoa. Mwigizaji Conrad Ricamora akaanzisha mfuko wa kusomesha vijana wa kiume wenye asili ya Asia wanaotaka uigizaji.

Upande mmoja ulisema roboti hana kabila. Kwa sauti sina cha kumkosoa Feldman, anaimba vizuri na ni mwigizaji makini. Lakini hoja ya roboti hainiingii. Kasti ya kwanza ilionyesha shoo inayotokea Korea ikibebwa na nyuso za Kiasia, na hilo lilikuwa sehemu ya furaha ya watu wengi waliokuwa wanaipigania wakati ukumbi uko mtupu. Kasti ya pili ndo inayokuambia kama yale yalikuwa msimamo au yalitokea tu. Nafasi kuu za wanaume wenye asili ya Asia kwenye tamthilia za muziki Broadway ni chache kiasi kwamba ikipatikana moja watu wanaikumbuka kwa jina, na nyuma ya jukwaa lile lile kulikuwa na waigizaji wa akiba Waasia walioijua kazi nzima. Waliopandisha jina lenye mashabiki wake waliangalia karatasi ya wiki, naelewa, nimeshaeleza hesabu zenyewe hapo juu. Ila shoo yenye watu wanne jukwaani na Tony mkononi ilikuwa na nafuu kuliko karibu shoo zote za msimu ule, kama kuna iliyoweza kuthubutu ni hiyo.

Na siyo mara ya kwanza. Mwaka 1990 Miss Saigon ilikuwa inatoka London kuja New York na Jonathan Pryce, mzungu kutoka Wales, kwenye nafasi ya mhusika anayeitwa Engineer ambaye ni chotara wa Kivietnam na Kifaransa, na London alikuwa ameicheza akiwa amebadilishwa macho na rangi kwa vipodozi. Mwigizaji BD Wong na mwandishi wa tamthilia David Henry Hwang walipinga, chama cha waigizaji Actors' Equity kikamkatalia Pryce mwezi Agosti, prodyuza Cameron Mackintosh akaifuta shoo yote ya Broadway pamoja na tiketi za mamilioni ya dola zilizokwisha kuuzwa, chama kikarudi nyuma, Aprili 1991 ikafunguliwa na Pryce akachukua Tony. Ukisoma mpaka hapo unaona Waasia walishindwa. Endelea kidogo. Pryce alipotoka, nafasi ile Broadway ikashikwa na waigizaji wenye asili ya Asia, mmoja baada ya mwingine, mpaka Jon Jon Briones kwenye marudio ya 2017. Ushindi ulikuja kwenye kasti ya pili, kimya kimya, kwenye mbadilishano ambao magazeti hayauandiki. Ndo maana mwaka 2025 BD Wong alipopaza tena sauti watu wenye kumbukumbu walielewa kwanini inauma: safari hii mbadilishano ulienda upande wa pili.

Hii ya kwamba milango inafunguliwa na wanaorithi nafasi naiona pia kwa waigizaji weusi. Phantom ilifunguliwa New York Januari 1988 na ikakaa mpaka 2014 ndo Norm Lewis akawa mtu mweusi wa kwanza kuvaa ile barakoa ya Phantom mwenyewe Broadway, na Christine mweusi wa kwanza pale, Emilie Kouatchou, alishika nafasi moja kwa moja Januari 2022, mwaka mmoja na kidogo kabla shoo haijafungwa tarehe 16 Aprili 2023 baada ya maonyesho 13,981. Wicked ndo inanishangaza zaidi. Mhusika mkuu ni wa kijani! Rangi ya ngozi yako haionekani kabisa, na bado ikachukua kuanzia 2003 mpaka 2025 Broadway kupata Elphaba wa kudumu mweusi, Lencia Kebede, binti wa familia ya Kiethiopia. London walishafika siku nyingi, Alexia Khadime alikuwa Elphaba pale mwishoni mwa miaka ya 2000. Wanafunzi wangu wa kike weusi kwa miaka wameimba nyimbo za Elphaba darasani kwangu kama zoezi. Kebede alipotangazwa waliniandikia ujumbe usiku mzima.

The Lion King nayo imefanya kitu ambacho sisi tungeweza kukiona kwa jicho letu. Ina miaka karibu 30 Broadway tangu Novemba 1997 na haijawahi kuhitaji staa. Ndani yake mna Kiswahili, Kizulu, Kixhosa, Kisotho, Kitswana, na kwaya ile ina namna yake ya kuitikiana ambayo huwezi kumfundisha mtu kwa wiki mbili, kwahiyo waandaaji wamekuwa wakiwachukua waimbaji kutoka Afrika Kusini miaka yote, na wa kwanza kucheza Rafiki, yule nyani mganga, alikuwa Tsidii Le Loka. Simba mtoto anabadilishwa kila mara, wakirefuka au sauti ikivunjika wanatoka, foleni ya watoto ipo. Shoo imejengwa juu ya ujuzi badala ya jina, na ujuzi unarithishika.

Kwahiyo ukiniuliza hali ya tamthilia za muziki za kibiashara ikoje, nitakuonyesha zile ndogo. Six ilitungwa na Toby Marlow na Lucy Moss wakiwa wanafunzi Cambridge, ikaonyeshwa Edinburgh mwaka 2017, wanawake sita na bendi ya wanne, dakika 80 basi. Operation Mincemeat ilianza mwaka 2019 New Diorama, ukumbi wa viti 80 hivi London, watu watano wanacheza wahusika zaidi ya 80, ikapanda ngazi moja moja mpaka tuzo ya Olivier, ile kubwa ya London, ya 2024 na Broadway 2025 ambako Jak Malone alipata Tony. Uingereza gharama ni ndogo, na serikali inarudisha sehemu ya matumizi kwa punguzo la kodi, kwahiyo shoo ina muda wa kukosea na kurekebishwa kabla ya kuingia mtaani New York. Cabaret inaonyesha tofauti yenyewe: London ilifunguliwa Desemba 2021 na ikabadilisha mastaa mara nyingi tu, New York wakaugeuza ukumbi mzima wa August Wilson kwa mamilioni, wakaleta Eddie Redmayne, Adam Lambert, Orville Peck, mwisho Billy Porter na Marisha Wallace, na Septemba 2025 ikafungwa mtaji haujarudi. Porter alikuwa ameugua na tarehe ya kufunga ikawahishwa, lakini hesabu ilikuwa imeshakataa muda mrefu.

Evita ya mwongozaji Jamie Lloyd pale ukumbi wa Palladium London, Juni mpaka Septemba 2025, bado nabishana nayo. Rachel Zegler alikuwa anatoka nje kwenye roshani ya ukumbi na kuuimbia umati wa mtaani wimbo mkubwa kuliko yote wa shoo, bure, huku walionunua tiketi wakimuona kwenye skrini. Walionunua walinung'unika. Kwa mhusika naona ni sahihi kabisa, Eva Perón, mke wa rais wa Argentina, anawaimbia wasio na viatu, na matajiri wamekaa ndani. Kwa sauti nilikuwa na wasiwasi wa hewa ya nje na kelele za mtaa, Zegler aliimudu. Ninachotaka kujua ni nani ataweza kuurithi huo usiku ikienda mji mwingine usio na mtaa ule wala umati ule.

La mwisho kwa mnaopanga kwenda. Broadway kwa kawaida unarudishiwa hela au kubadilishiwa siku pale tu anapokosekana mtu ambaye jina lake liko juu ya jina la shoo, kwa wengine wote hamna. Kwahiyo ukifungua programu ukakuta kikaratasi kidogo kinasema leo fulani atachezwa na fulani, usisimame kwenda dirisha la tiketi. Kaa. Msikilize hasa kwenye wimbo wa pili au wa tatu, wa kwanza bado moyo unamwenda mbio, alafu jina lake liandike mahali.